Uliza Mhakiki: Kofia ya Laura

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mbale, na kila Jumamosi huwakusanya wanafunzi wachache tukasoma hadithi fupi kwa sauti. Majuzi tulisoma "The Garden Party" ya Katherine Mansfield. Tulipofika mwisho, wanafunzi waligeuza karatasi kutafuta ukurasa uliobaki, nami sikuwa na la kuwaambia. Je, hadithi hii ilikamilika, au mwandishi aliiachia njiani? Na nianze na ipi ili wasimkatie tamaa?

JIBU: Mwalimu mpendwa, hadithi imekamilika, wala hakuna ukurasa uliopotea. Wanafunzi wako wamelelewa na ngano ambamo sungura humshinda fisi na kila mmoja akapata stahili yake, ilhali Mansfield huliweka tukio lake kubwa ndani ya kitu kidogo ambacho msomaji anaweza kukipita mara mbili bila kukitazama.

Katika hadithi hii kitu hicho ni kofia. Familia ya Sheridan inaandaa karamu bustanini, turubai linasimamishwa, bendi inangojewa, ndipo inapoletwa habari kwamba Scott, mwendesha mkokoteni aliyeishi katika vijumba vya kule bondeni chini ya nyumba yao, ameangushwa na farasi wake akafa, akiacha mke na watoto watano wadogo. Laura, mmoja wa mabinti wa familia hiyo, anataka karamu iahirishwe, kwa kuwa mjane atausikia muziki. Sisi ambao turubai lile lile hukodiwa kwa harusi wiki hii na kwa msiba wiki ijayo, na ambao jirani asipofika matangani tunalikumbuka jambo hilo kwa miaka, tunamwelewa mara moja. Mama yake anatumia njia iliyo kali kuliko kumgombeza: anamvika kofia yake mwenyewe, nyeusi, yenye maua ya rangi ya dhahabu na utepe mrefu wa mahameri. Laura anajiona katika kioo jinsi alivyopendeza, na yule mjane anafifia akilini mwake kama picha ya gazetini. Aya hiyo ya kioo naiona kuwa ya kutisha kuliko kifo chenyewe.

Jioni, wageni wakishaondoka, mama anamtuma apeleke kikapu cha masalio ya karamu kwa wafiwa. Laura anateremka na kofia ile kichwani, anapita katikati ya watu waliokusanyika mlangoni, anaingizwa hadi alipolazwa marehemu, na mbele ya kijana yule anayeonekana kama amelala usingizi wa amani, maneno yanayomtoka ni ya kuomba asamehewe kofia yake. Tukio mlilokuwa mkilitafuta ni hilo. Nje anakutana na kaka yake, anaanza kusema maisha ni nini, na sentensi inamfia mdomoni. Msichana wa umri wake angeimalizia kwa neno gani ambalo si la uongo?

Mansfield alizijua nyumba hizo. Alizaliwa Wellington, New Zealand, mwaka 1888, akahamia Uingereza akiwa bado kijana, na baada ya mdogo wake wa kiume kufa vitani mwaka 1915 alianza kurudi kwa kalamu kwenye nyumba ya utotoni. "The Garden Party" aliiandika Uswisi mwaka 1921 akiwa mgonjwa wa kifua kikuu, ugonjwa uliomuua huko Ufaransa mwezi Januari 1923, akiwa na umri wa miaka 34.

Kuhusu swali lako la pili, ningeanza na "The Doll's House". Mabinti wa Burnell wanaletewa nyumba ya mwanasesere, nao wanaruhusiwa kuwaonyesha wenzao wote wa shule isipokuwa Lil na Else Kelvey, ambao mama yao hupita nyumba kwa nyumba akifua nguo za watu. Kezia, mmoja wa mabinti hao, anapenda taa moja ndogo ndani ya nyumba hiyo kuliko vyote, na siku moja anawaingiza akina Kelvey kwa siri. Beryl, mama mdogo wa Kezia, anawafumania na kuwafukuza kama kuku. Baadaye, wakiwa wameketi kando ya barabara, Else, ambaye karibu hasemi kamwe, anamnong'oneza dada yake kwamba ameiona taa. Hadithi inaishia hapo.

Soma kwa sauti, polepole, na usiwaulize wanafunzi fundisho la hadithi ni lipi. Waulize kwa nini iwe taa, wakati nyumba ile ilikuwa na vitu vingi vya kuvutia zaidi. Hadithi alizochapisha Mansfield akiwa hai hazina tena hakimiliki, kwa hiyo unaweza kutoa nakala za kuwatosha wote. Kisha warudishe kwenye karamu ile, na kabla hawajafungua ukurasa waulize Laura alikuwa amevaa nini kichwani alipoingia nyumba ya msiba.