Chotara wa mondo anachechemea, na analishwa nyama tupu

SWALI: Daktari, habari za kazi. Naishi Marekani. Nimenunua paka wa Savannah, chotara wa mondo, yule paka wa porini wa Afrika, wa kizazi cha pili (yaani babu au bibi yake ni mondo), sasa ana miezi minne. Aliyeniuzia alisema damu ya mondo haitaki chakula cha kopo, nimpe nyama tu. Basi nampa kifua cha kuku kibichi kisicho na mifupa, na maini mara nyingi. Wiki hii anachechemea mguu wa nyuma, hataki kuruka, nikimshika kiuno analia. Nimpe vidonge vya kalsiamu?

JIBU: Dada, vidonge viache kwanza. Mpeleke kwa daktari wa wanyama leo hii apigwe eksirei. Ninachoshuku ni mifupa iliyoishiwa madini, na mifupa ya namna hiyo huvunjika hata paka akiruka tu kutoka kwenye kochi. Mkiwa mnasubiri zamu yenu, mweke ndani ya kizimba kidogo chenye tandiko laini. Maumivu yake yasikushawishi kumpa panadol, hata kipande: ini la paka haliimudu dawa hiyo, na kidonge kimoja chaweza kumuua.

Mondo wa porini hali minofu mitupu. Hula panya mzima, pamoja na mifupa, moyo na utumbo. Kilo moja ya kifua cha kuku ina fosforasi gramu 2 hivi, lakini kalsiamu ni karibu gramu 0.1 tu, ilhali paka anayekua anahitaji kalsiamu ilingane na fosforasi au iizidi kidogo. Kalsiamu ikipungua kwenye damu, tezi ndogo za shingoni ziitwazo parathiroidi hutoa homoni inayoichota kutoka kwenye mifupa, ili moyo na misuli isisimame. Ndiyo maana paka huonekana mnono, manyoya yanang'aa, na huku ndani mifupa inaliwa kama boriti yenye mchwa. Maini hayasaidii: kalsiamu yake ni kidogo vilevile, na vitamini A iliyojaa humo ikizidi mwilini nayo huharibu mifupa.

Kuhusu vidonge, kalsiamu ya kukisia inaweza kuzidi au kupungua, na vile vyenye vitamini D vikizidi huumiza figo. Dawa yake ni chakula kamili cha paka wachanga, kile ambacho lebo yake inasema kinafaa kwa ukuaji. Changanya na kuku wake aliyepikwa, kisha ndani ya siku chache punguza kuku mpaka aishe. Damu ya mondo haibadilishi hesabu hii hata kidogo, na nasikitika kwamba wauzaji bado wanawaambia wanunuzi maneno hayo. Ni kweli zamani vyakula vya viwandani vilikuwa na kasoro: mwaka 1987 watafiti wa California walionyesha kwamba upungufu wa taurini, kirutubisho ambacho paka hukipata kwenye nyama, ulikuwa ukitanua mioyo ya paka. Baada ya hapo watengenezaji waliiongeza.

Kuku mbichi acha kabisa. Mwishoni mwa 2024, katika jimbo la Washington, paka wa jamii ya porini 20 waliokuwa wakitunzwa kwenye hifadhi moja walikufa kwa mafua ya ndege, na wakati huohuo paka wa nyumbani wa Oregon alikufa baada ya kula chakula kibichi cha bata mzinga chenye virusi hivyo. Kugandisha nyama hakuviui. Ipike iive, ila mifupa iliyopikwa usimpe, hupasuka vipande vyenye ncha.

Angalia pia sheria ya jimbo lako. Georgia na Hawaii haziruhusu chotara hawa, na New York huruhusu kuanzia kizazi cha tano tu.

Kama mifupa haijapinda, mara nyingi wiki chache za chakula sahihi humrudisha paka kwenye kutembea vizuri. Mwombe daktari aitazame nyonga kwa makini kwenye picha. Ikiwa imejibana, choo kitamsumbua hata mguu ukipona, na ni vizuri mlijue hilo mapema.