Maswali na Majibu: BMW M6 iliyotumika, bei yake na gharama ya kuimiliki

SWALI: Fundi, nimepata BMW M6 ya milango miwili ya mwaka 2007, yenye giaboksi ya SMG, ambayo imeshatembea kilomita 118,000. Bei anayotaka mwenye gari hailingani kabisa na hadhi yake. Ni sawa na ya saluni ya kawaida. Anasema gari halijawahi kumsumbua na oili imebadilishwa kila kompyuta ilipodai. Je, ni matatizo gani ya kuogopa, na nijiandae kwa gharama ya kiasi gani?

JIBU: Ndugu msomaji, gari uliloliona ni la kizazi cha E63, ambacho toleo lake la M6 lilitengenezwa kuanzia mwaka 2005 hadi 2010. Injini yake ni S85, V10 ya lita 5.0 yenye nguvu farasi 507. Bei ya gari la namna hii hushuka mwaka hadi mwaka, lakini bei ya vipuri vyake haishuki pamoja nayo, na ndiyo maana mtu anaweza kulinunua kwa urahisi kisha akashindwa kulitunza. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji linahusu beringi za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki, yaani shafti kuu inayozunguka ndani ya injini): je, beringi hizo zimeshabadilishwa, na uthibitisho uko wapi?

Kila konrodi hushika krenki kwa beringi laini ya vipande viwili, na kwa kuwa silinda ni 10, vipande hivyo ni 20. Injini inapozunguka, beringi na chuma cha krenki havitakiwi kugusana, kwa sababu hutenganishwa na utando mwembamba wa oili. Katika S85 nafasi iliyoachwa kwa ajili ya utando huo ni finyu, ilhali oili iliyoagizwa na kiwanda ni nzito, 10W-60, na injini hufikia mizunguko 8,250 kwa dakika. Dereva anayewasha gari likiwa baridi na kukanyaga mafuta papo hapo huzitesa beringi kabla oili haijawa nyepesi vya kutosha kupita kwa wepesi. Wahandisi walilijua hilo, na waliweka kwenye mita ya mizunguko taa zinazoonyesha kikomo cha mizunguko, ambacho hupanda taratibu kadiri oili inavyopata joto. Muuzaji akikuwashia gari, mtazame mguu wake: anayepuuza taa hizo mbele ya mnunuzi hawezi kuwa amezitii alipokuwa peke yake barabarani.

Kauli yake kwamba oili ilibadilishwa kila kompyuta ilipodai hainiridhishi. Kompyuta ya gari hili huruhusu muda mrefu mno kati ya badiliko moja na jingine, na kwa injini ya aina hii mimi husisitiza oili ibadilishwe isizidi kilomita 10,000, hata kama taa haijawaka. Omba kumbukumbu za gereji, kisha omba ruhusa ya kuchukua sampuli ya oili ipimwe maabara. Risasi, shaba na bati zikionekana kwa wingi, beringi zinalika. Kata pia chujio la zamani, ukunjue karatasi yake chini ya mwanga mkali na utafute chembe zinazong'aa. Hata hivyo, majibu mazuri ya maabara si cheti cha uzima. Njia ya uhakika ni kufungua sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, na kuzitazama beringi zenyewe, kazi inayodai injini ining'inizwe kutoka juu na boriti ya mbele ishushwe. Sampu ikishafunguliwa hakuna sababu ya kurudisha beringi za zamani, wala boliti zake, kwa kuwa boliti hizo hurefuka zinapokazwa na hazitumiki mara ya pili.

Kwa kilomita 118,000, kama hakuna ushahidi wa kazi hiyo, ihesabu kuwa ni sehemu ya bei ya kununua. Ni kazi ghali, lakini haifiki hata karibu na gharama ya kusubiri. Sauti ya kugonga ikishaanza kusikika, mara nyingi krenki nayo imechubuka, na injini nyingine inaweza kugharimu zaidi ya thamani ya gari zima.

Baada ya beringi, tatizo linalowakuta wamiliki wengi ni mota za throto, zinazofungua njia za hewa ya kuingia kwenye injini. Ziko mbili, moja kwa kila safu ya silinda tano, na gia zake za ndani pamoja na elektroniki huchoka. Dalili yake ni gari kupoteza nguvu ghafla na taa ya injini kuwaka, hata ukiwa katikati ya kulipita gari jingine. Zinaweza kufanyiwa ukarabati na wataalamu wa elektroniki kwa gharama nafuu kuliko mpya. Moja ikifa, shughulikia zote mbili, kwa sababu kazi ya kuzifikia ni ileile. Kabla ya kulaumu chochote, pima betri kwanza, maana betri dhaifu katika gari hili huzusha makosa ya uongo kwenye kompyuta.

SMG ni giaboksi ya gia 7 yenye klachi ya kawaida inayoendeshwa na pampu ya haidroliki badala ya mguu. Fungua mlango wa dereva ukiwa mahali pa kimya, nawe utaisikia pampu ikivuma kwa muda mfupi kisha ikanyamaza. Ikirudia kuwaka kila baada ya muda mfupi, presha inapotea mahali fulani: kwenye tangi la presha, kwenye vali au kwenye uvujaji. Kiwango cha ulikaji wa klachi husomwa kwa mashine ya uchunguzi, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba bado ni nzima bila kuonyeshwa namba. Msongamano wa magari huila klachi hii haraka, hasa dereva anapolishikilia gari mlimani kwa kukanyaga mafuta badala ya breki.

Mfumo wa VANOS, unaorekebisha wakati wa vali za injini kufunguka, hutumia oili ya presha kubwa, na bomba lake huvuja linapozeeka. Uvujaji wowote uchunguzwe mapema.

Kuna jambo moja la bodi ambalo wanunuzi hulikosea sana. Wengi huja na sumaku kutafuta sehemu zilizojazwa puti baada ya ajali. Kwa gari hili sumaku haitakusaidia sehemu nyingi, kwani mabawa ya mbele ni ya plastiki, boneti na milango ni alumini, na paa ni la nyuzi za kaboni. Muhimu zaidi, fremu ya mbele nayo ni ya alumini iliyounganishwa kwa gundi na ribiti, na kuinyoosha kunahitaji gereji yenye vifaa maalumu. Linyanyue gari, ukague viungo hivyo kwa macho. Ukiona alama za kuchomelea, achana nalo.

Kuhusu gharama, matumizi ya mafuta kwa kipimo cha kiwanda ni lita 14.8 kwa kilomita 100, lakini mjini huzidi lita 20 bila taabu, na tangi hubeba lita 70 tu. Plagi ni 10, oili ya badiliko moja hupita lita 9, na matairi ya inchi 19 ya nyuma hulika haraka kwa nguvu hiyo. Ushauri wangu ni kwamba mwaka wa kwanza uwe na akiba isiyopungua nusu ya bei ya kununulia, ambayo itabeba beringi, oili zote na pengine klachi. Miaka inayofuata, sehemu moja ya tano ya bei hiyo kwa mwaka inatosha kama gari lilianza vizuri. Ikiwa kununua kutamaliza fedha zako zote, usilinunue hili, tafuta lenye risiti za beringi hata kama bei yake iko juu zaidi. Na muuzaji akikataa gari likaguliwe katika gereji uliyoichagua wewe, mazungumzo ya bei yaishie hapo.