Mwanangu ananikimbia nikirudi safari

"Shangazi, mimi ni dereva wa lori, nyumbani ni Malaba. Mwanangu wa kiume ana miaka mitano. Nikirudi anajificha kwenye leso ya mama yake, nikimbeba analia. Ndugu zangu wanasema mama anamdekeza, nimpeleke bweni Februari akomae. Mimi nilipelekwa nikiwa na miaka saba. Nililia muhula mzima, lakini nikazoea. Nifanyeje?"

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama pale pale: ulilia muhula mzima. Hukuandika kwamba ulikomaa, umeandika ulizoea. Mtoto asiyejibiwa hunyamaza mwishowe, na watu wazima hukiita kimya hicho ukakamavu. Usimpeleke bweni. Huko atampoteza mama bila kumpata baba.

Kushika leso si ulegevu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuja Uganda, akawa anazitembelea nyumba za akina mama 26 wa Kiganda karibu na Kampala na kuwatazama watoto wao wachanga. Aliona mtoto anatambaa kwenda kuchezea vitu, anageuka kumtazama mama, anarudi kumgusa, kisha anaondoka tena. Mama ndiye aliyempa ujasiri wa kwenda. Tena, baadhi ya watoto wale walimpenda sana baba ingawa walimwona kwa nadra. Wako si mchanga tena, lakini hujachelewa.

Nadhani shida iko kwenye namna unavyorudi. Umekuwa njiani siku nyingi, una hamu naye, unashuka tu unamnyanyua. Yeye anaona mtu mkubwa anayenuka dizeli akimtoa kwa mama yake. Ukifika msalimie, kaa mkekani, mwache akutazame apendavyo. Kesho yake mwombe akusaidie kuosha tairi za lori, akushikie ndoo. Kuleni katogo sahani moja. Akilia usiku, nenda wewe pamoja na mama yake, na usimwambie mwanamume halii.

Ukiwa safarini, piga simu kila jioni kabla hajalala. Asipotaka kuongea, mwambie tu umeona nyani Mtito Andei, walikuwa wangapi na walikuwa wakifanya nini. Ukimwahidi siku ya kurudi, halafu foleni ya mpakani ikakuchelewesha, piga tena umwambie mwenyewe.

Muulize pia mkeo, kwa upole: mtoto akikosea, huambiwa "ngoja baba yako arudi"? Nyumba nyingi husema hivyo bila ubaya. Lakini mtoto anayetishiwa jina lako wiki mbili mfululizo atakukimbiliaje ukishuka? Hilo mliache leo.

Na habari ya muhula ule uliolia, msimulie mkeo. Nahisi hujawahi kumwambia mtu.