Mpelelezi wako ana miaka 15? Mnyang'anye simu kwanza

Rasimu ya kwanza ya riwaya yangu ya upelelezi nilimpa mpwa wangu, yuko kidato cha pili. Baada ya siku mbili akairudisha, ameishia sura ya nne. "Mjomba, huyu Sudi anajua kila kitu. Sasa mimi nisome ili iweje?"

Sikuwa na jibu. Sudi wangu alisoma nyuso za watu, akafungua kila kufuli, na kwa usiku mmoja akapima vinasaba katika maabara ya shule. Maabara ya shule! Kipimo hicho hapa Tanzania watu hukipeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Kama nawe unaandika vijana wenye vipaji, kipaji kichimbe kwenye kazi ambayo mtoto anaifanya kila siku. Timu yangu ya wapelelezi watoto niliifumua yote nikaisuka upya. Zawadi humshikia mama yake kibanda cha wakala wa pesa za simu kila jioni. Anakumbuka nani alitoa kiasi gani na saa ngapi, na daftari la miamala liko papo hapo mezani. Makame amekulia barazani akicheza bao na wazee. Kete 64, mashimo 32, naye huona mtaji, yaani nafasi ya kula kete, kabla wewe hujanyanyua mkono. Mwambie kwamba mtu fulani alitoka Mbagala saa mbili akafika Kariakoo saa tano, atakuuliza hizo saa nyingine alizilaza wapi. Kipaji cha hivyo msomaji anakiona kikifanya kazi, hata anaweza kushindana nacho.

Ukishawapa, wanyime. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, hakuwa askari, lakini alikuwa mtu mzima: akibisha hodi anakaribishwa. Mtoto akibisha hodi anaulizwa katumwa na nani. Swali hilo peke yake limenipa sura tatu. Simu nazo shuleni haziruhusiwi, kwa hiyo habari lazima ibebwe na mtu, na mtu huchelewa, huogopa, hununuliwa. Wazazi usiwaue ili watoto wapate kutoka usiku. Niliwahi kufanya hivyo, ni uvivu tu. Mama anayekaa mlangoni na kuuliza "umetoka wapi?" anatisha kuliko jambazi wangu yeyote.

Jambo jingine, mpe rasimu mtu anayeijua kazi unayoiandika aisome. Rafiki yangu muuguzi alicheka mpaka akafuta machozi: majeruhi wangu kachomwa kisu, kashonwa hospitalini, wala hakuna aliyemuuliza PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Niliporekebisha, fomu ile ikageuka dalili. Kwa nini mtu aliyeumizwa anaikimbia karatasi inayomsaidia kushtaki?

Mahakama nilikuwa nimeiruka kabisa kwa kuiogopa. Kisha nikasoma kwamba, tangu marekebisho ya mwaka 2016 ya Sheria ya Ushahidi, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila aahidi kusema kweli na si uongo. Sasa, mpelelezi wangu wa tatu, Rehema, ana miaka 13 na kipaji chake ni kudanganya. Ndiye aliyewapitisha wenzake kwenye kila geti kwa uongo uliopangwa vizuri. Nikamsimamisha mbele ya hakimu, aahidi. Sura hiyo niliiandika kwa siku moja, na ndiyo pekee ambayo sijaigusa tena.

Kuhusu mwisho wenye mshangao sina mengi: dalili iweke mapema, mchana kweupe, katikati ya mazungumzo ya bei ya nyanya.

Rasimu ya tatu iko kwa mpwa wangu tangu Jumapili. Jana usiku kaniandikia kwa simu ya mama yake: "Mjomba, ni yule wa duka la dawa?" Sijamjibu.