Uzamili wa Saikolojia ya Mashirika kwa Aliye Kazini

SWALI: Nina shahada ya utawala wa umma na ni afisa rasilimali watu katika kiwanda cha kubangua korosho hapa Mtwara. Natamani kusoma uzamili wa saikolojia ya mashirika bila kuacha kazi, maana nina watoto na siwezi kuhamia Dar es Salaam. Je, nitapokelewa ilhali sikusoma saikolojia, na unatofautianaje na uzamili wa rasilimali watu?
Msomaji, Mtwara

JIBU: Ndugu msomaji, uzamili wa rasilimali watu hukufundisha zaidi kuendesha ofisi, yaani mikataba, sheria za kazi, mishahara na nidhamu, ilhali saikolojia ya mashirika ni elimu ya kupima tabia ya watu wakiwa kazini. Chukua mbanguaji anayelipwa kwa kilo: akiharakisha ili mizani isome vizuri jioni, korosho nyingi hupasuka, na iliyopasuka haina bei ya korosho nzima. Msimamizi atasema wafanyakazi ni wazembe. Mwanasaikolojia atauliza malipo hayo yanawazoesha nini, kisha atabadili utaratibu kwa kundi moja, aliache jingine lilivyo, na kulinganisha matokeo. Hata utafiti maarufu wa kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, ulioanza mwaka 1924, ulianzia kwenye jambo dogo la namna hiyo: mwanga wa taa na kasi ya kazi.

Kwa hiyo kikwazo chako, kwa maoni yangu, ni takwimu kuliko saikolojia. Vyuo vingi hupokea wenye shahada nyingine, mara nyingi kwa sharti la kusoma kwanza kozi chache za msingi.

Kuhusu kusomea nyumbani, anza kwa kuuliza kituo cha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania hapo Mtwara kina programu gani iliyo karibu na haja yako. Ukivutiwa na chuo cha nje kinachofundisha kwa intaneti, hakikisha kwa Tume ya Vyuo Vikuu, kabla ya kulipa ada, kwamba shahada yake itatambuliwa nchini. Angalia na saa: kipindi cha saa moja jioni New York ni saa nane au saa tisa usiku kwako, kutegemea majira ya huko. Tena muhula unaoanza Septemba utaangukia msimu wa korosho, na sidhani kama mwajiri atakuonea huruma wakati huo.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni tasnifu. Utataka kufanya utafiti kiwandani kwako, na ni sawa, lakini wewe ndiye unayetunza mafaili ya watu hao. Ukimpa mbanguaji dodoso kuhusu kuridhika na kazi, atajibu analodhani ofisi inataka kusikia, na hata ridhaa yake haitakuwa huru, kwa sababu anayeomba ndiye anayeandika barua za onyo. Dodoso lisiwe na jina, likusanywe na mtu asiye wa ofisi yako, na majibu ya mtu mmoja mmoja yasimfikie meneja. Haya yote yaandikwe katika kibali cha mwajiri, nacho ukiombe kabla hujajaza fomu ya chuo, kwa kuwa mwajiri akikataa itakubidi utafute kiwanda kingine au mada nyingine.