Filimbi moja bustanini: majibu kwa wasomaji

Tangu niandike juu ya maonyesho ya muziki wa kisasa wa filimbi, ya mpigaji mmoja tu katikati ya bustani, bila piano wala bendi, maswali hayajakoma. Leo nayajibu matano.

Nilihudhuria onyesho la namna hiyo. Katikati ya muziki mpigaji akageuka akatupa mgongo. Tulimkosea nini? (Msomaji, Arusha)

Hamkumkosea kitu, ndugu yangu. Alikuwa anaukimbia upepo. Filimbi hii hupulizwa ubavuni: pumzi inatoka midomoni ikiwa nyembamba kama uzi, inavuka tundu na kupiga ukingo wa upande wa pili, na hapo ndipo sauti inapozaliwa. Upepo ukikatiza pale, uzi umekatika, mnabaki kusikia hewa tupu. Mpiga zumari hana shida hiyo, maana utete wake umejificha mdomoni. Niliwahi kumwona mpigaji mmoja, kabla hajaanza, akilowesha kidole kwa mate na kukiinua juu. Kisha akabeba stendi yake hatua tano hivi, hadi nyuma ya ua wa michongoma, karatasi za noti za muziki zikiwa zimebanwa kwa vibanio vya kuanikia nguo. Alipoanza, sauti ilitoka safi.

Mbona muziki wenyewe hauna mdundo wala kiitikio? Nashikilia wapi? (Msomaji, Mombasa)

Shikilia pumzi. Umewahi kumsikia mtu akighani utenzi peke yake? Hana ngoma, lakini anapovuta pumzi na anapotua unajua mko wapi. Filimbi ni hivyo hivyo, na ule ukimya kati ya sauti mbili ni sehemu ya muziki.

Anza na *Syrinx* ya mtunzi Mfaransa Claude Debussy, ya mwaka 1913. Ni dakika kama tatu tu. Iliandikwa kwa ajili ya mchezo wa jukwaani, mpigaji akiwa amefichwa asionekane, kwa hiyo kuisikia ikitoka nyuma ya miti ni jambo linaloifaa sana.

Ninayoipenda kuliko zote ni *Itinerant* ya mtunzi Mjapani Toru Takemitsu, ya 1989. Aliitunga kumkumbuka Isamu Noguchi, mchongaji aliyetengeneza pia bustani, ikiwemo ile ya UNESCO jijini Paris. Takemitsu mwenyewe aliufananisha muziki wake na matembezi katika bustani ya Kijapani. Nami nimeona ni kweli: sauti ile ile inarudi, lakini wewe umeshasogea, na sasa unaitazama kutoka upande mwingine, kama jiwe ulilolizunguka. Ukipata nafasi ya kuisikia penye mawe na miti, usiiache.

Nilisikia kama kucha zinagonga chuma, halafu mpigaji akaongea ndani ya filimbi. Ilikuwa mbovu? (Msomaji, Dodoma)

Nzima kabisa. Mwaka 1936 mtunzi Edgard Varèse aliandika *Density 21.5* kwa ajili ya filimbi ya platinamu ya mpigaji Georges Barrère (21.5 ni msongamano wa madini hayo, yaani uzito wake kwa ujazo), na ndani yake akataka vitufe vigongwe visikike. Mtunzi mwingine, Luciano Berio, 1958, akadai sauti mbili kwa pamoja kutoka filimbi moja. Katika *Voice* ya Takemitsu, 1971, mpigaji anatamka maneno ya Kifaransa na Kiingereza huku akipuliza. Labda hayo ndiyo uliyoyasikia. Milio hiyo ni midogo, kwa hiyo nje kaa safu za mbele.

Kwa nini waandaaji wasiweke spika? Sisi wa nyuma tulikosa mengi. (Msomaji, Kisumu)

Pole sana, na lawama ni ya mpangilio wa viti. Ukumbini kuta hurudisha sauti. Bustanini inakwenda zake, na kila umbali ukiongezeka mara mbili inashuka kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 hivi. Noti za chini ndizo zinazopotea kwanza. Spika naipinga: maikrofoni inabeba na upepo, na sauti inatokea kwenye sanduku wakati macho yako yapo kwa mtu. Wakaribishwe watu wachache, viti viwe nusu duara karibu naye. Ndege na waimbe. Joto nalo hupandisha kimo cha sauti ya filimbi kidogo, ikawa nyembamba zaidi, lakini akiwa peke yake hana wa kupishana naye.

Binti yangu wa miaka 8 anataka kujifunza, ila mikono yake haifiki. (Mama, Morogoro)

Mama, filimbi ya kawaida ina urefu wa sentimita 67 hivi, lakini zipo za watoto zenye kichwa (kile kipande chenye tundu la kupulizia) kilichopinda, zinazoleta vitufe karibu. Hata kabla ya hapo, mpe kichwa peke yake, asimame mbele ya kioo, apulize kama anayepoza uji kijikoni. Siku za mwanzo atatoa hewa tu na huenda akapata kizunguzungu. Mpumzishe, anywe maji, arudi tena. Sauti ya kwanza ikitoka utaijua hata ukiwa jikoni, maana atakuja mbio kukuita.