Nimelipa deni, mbona jina bado liko CRB?

SWALI: Nililipa mkopo wa benki wa shilingi 18,000 ambao ulikuwa umekabidhiwa mawakala wa kukusanya madeni. Sasa nimeomba mkopo wa kununua cherehani, nikakataliwa kwa sababu ya rekodi yangu ya CRB (kampuni zinazotunza taarifa za jinsi watu wanavyolipa mikopo). Nifanye nini? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Kulipa hakufuti historia. Kwa kanuni za Kenya, taarifa ya mkopo uliokwama hubaki katika rekodi kwa miaka 5 tangu siku ulipoumaliza. Kinachopaswa kubadilika mara moja ni hali yake, isomeke kuwa umelipwa na salio ni sufuri. Omba ripoti yako, ambayo ni haki yako kuipata bure mara 1 kwa mwaka, kutoka kila kampuni ya CRB yenye leseni ya Benki Kuu, yaani Metropol, TransUnion na Creditinfo, kwa maana kosa laweza kuwa limerekebishwa katika moja na kusahauliwa katika nyingine.

Ikiwa salio bado linaonekana, idai benki barua ya kuthibitisha malipo (risiti ya wakala pekee haitoshi, kwa maoni yangu), kisha uwasilishe pingamizi kwa CRB ukiambatanisha barua hiyo. Anayekuahidi kufuta rekodi ya kweli kwa ada ni tapeli.

Wakati huohuo, ili kujenga rekodi mpya nzuri, weka akiba kwenye chama cha ushirika, kisha ukope kiasi kidogo na kukilipa kabla ya tarehe.